Wembe Mmoja, Vichwa Vitano

Kama umekaa kwenye benchi unasubiri jina liitwe, na pembeni yako yupo mtu uliyemleta hapo kwa kosa lako mwenyewe, haya nayaandika kwa ajili yako. Udaktari sitakufundisha, siujui. Mimi nauza chai na maandazi Kabanga, pale mpakani, kwenye kibanda kinachotazamana na wabadilisha fedha. Ninachokijua vizuri ni kusubiri. Kusubiri nimekusomea.

Jina langu ni Yustina, ila wengi wananiita Mama Adela. Adela ndiye mtoto wangu pekee. Wakati wa mambo haya alikuwa na miaka kumi na saba, ametoka tu kumaliza kidato cha nne, na kitu alichokuwa anakipenda kuliko vyote duniani ni nywele zake. Miaka yote ya shule wanawanyoa, si unajua. Tangu mwaka wake wa mwisho alikuwa anazificha chini ya kofia ya sweta ili zirefuke kabla hajarudi nyumbani. Nazitaja nywele mapema kwa sababu habari yote hii ni ya nywele.

Ugonjwa wangu ulianza na mkanda wa jeshi. Malengelenge yalinizunguka ubavu wa kushoto, blauzi ikigusa tu naona nyota mchana. Jirani akasema nimerogwa na muuza chapati mwenzangu. Baadaye ikaja homa isiyokuwa na ratiba, kikohozi, na kilo zikaanza kuniaga moja moja. Sketi niliyoishona Pasaka nikawa naikaza kwa pini, ikafika pini mbili, mwisho nikaifunga kwa kamba kama gunia la maharage. Baba yake Adela alikuwa utingo wa malori ya kwenda Burundi. Yeye alishapanda lori lake siku nyingi na hakurudi. Kwa hiyo nilipokwenda kupima sikwenda kuuliza, nilikwenda kuthibitishiwa.

Sikupima Ngara. Hospitali ya Ngara nusu ya watu wananijua, na nusu nyingine wamekunywa chai yangu. Mpika chakula akijulikana ana ugonjwa huu, kesho yake anakunywa chai yake mwenyewe. Nikaenda Biharamulo. Alfajiri gari la Noah mpaka Benaco, halafu basi, Nyakahura, Lusahunga, mpaka mjini. Majirani niliwaambia nafuata mchele, na kila nikirudi nilirudi na kilo mbili za mchele kama ushahidi. Tumekula wali mwaka ule, acha tu.

Adela naye nilimpeleka kupima. Hakuwa nao. Nilimshukuru Mungu hadi sauti ikakauka. Nesi akasema, "Sasa mwambie na ya kwako." Nikamjibu nitamwambia. Nje, chini ya mti mmoja wa pale hospitalini, Adela akaniuliza, "Na wewe mama?" Nikamwambia, "Wote tuko salama." Uongo ule ulinitoka laini, wala sikukohoa.

Vidonge nikavificha kwenye kopo la hamira. Kimoja kila jioni, redio inapoanza taarifa ya habari. Ile miezi ya kwanza kichwa kilizunguka na ndoto zilikuwa za ajabu, kisha mwili ukatulia. Njaa ikarudi. Pini ikatoka moja, ikatoka ya pili. Baada ya mwaka na nusu wateja wakaanza kunitania, "Mama Adela, maandazi mengine unakula mwenyewe nini?" Nikacheka nao. Nikajisahau. Hapo ndipo ubaya ulipokuwa unanisubiri.

Desemba, mvua zinanyesha na maharage yamekaribia kukomaa, baba yangu akafariki kwao Ntobeye. Alikuwa mzee wa kutosha, hatukushangaa, lakini kifo hakizoeleki. Nilikimbia na kanga mbili, sufuria moja na Adela. Kopo la hamira likabaki kwenye rafu Kabanga.

Najua unachotaka kusema. Kabanga na Ntobeye si Ulaya na Afrika, ningeweza kurudi. Lakini mtoto wa marehemu anaondokaje msibani kabla ya kunyoa? Na ningevileta, ningevimezea wapi? Tulilala chini kwenye majani na mikeka, wanawake thelathini, ukigeuka ubavu mtu anauliza unataka nini. Nikajiambia siku tisa za matanga hazimuui mtu. Nikajikaza kisabuni.

Siku ya tisa ilikuwa Jumamosi, siku ya kunyoa. Katika ukoo wetu matanga hayaondolewi mpaka damu ya marehemu, watoto na wajukuu, inyolewe, na inanyolewa kwa wembe mmoja. Msiba ni mmoja, wembe ni mmoja. Anaanza mzaliwa wa kwanza, wanafuata wenzake, kisha wajukuu kwa umri. Anayenyoa ni Shangazi Anastazia, dada yake baba. Ameshika wembe wa ukoo huu tangu mimi sijaota meno. Ukibadilisha wembe katikati, wanasema umeugawa msiba, na msiba uliogawanywa unarudi kudai nusu yake.

Asubuhi shangazi akaketi kwenye kigoda uani, beseni la maji mbele yake, kipande cha sabuni ya mche, na wembe mpya ameufungua kwenye karatasi yake mbele ya watu. Baba aliacha watoto wawili tu walio hai, kaka yangu Fidelis na mimi. Wajukuu watatu: Adela, na watoto wawili wa kaka, wa miaka kumi na miwili na tisa. Vichwa vitano.

Fidelis akaitwa. Akasimama, akashika paji la uso.

"Shangazi, kichwa kinaniuma tangu usiku. Wanyoe hawa kwanza, mimi nitakuwa wa mwisho."

"Eti nini?" Shangazi akamtazama kama mtu aliyesikia mbuzi akisema. "Mzaliwa wa kwanza anyolewe mwisho? Umekuwa kitinda mimba leo? Kaa hapa!"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, nikasema moyoni huyu mwanamume mwoga wa wembe. Fidelis akakaa. Alikuwa anatoka jasho, na asubuhi ile kulikuwa na ukungu.

Nikafuata mimi. Kichwa changu kina uvimbe mdogo nyuma ya sikio la kulia, tangu utoto. Wembe ukapita pale ukachukua nyama. Nikahisi joto linateremka shingoni. Shangazi akasema, "Pole mwanangu," akaupangusa wembe kwenye kitambaa, akauchovya kwenye beseni. Maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa.

"Adela!"

Adela akagoma. Alisimama kwenye nguzo ya jiko, mikono kichwani. "Mimi sinyoi. Babu mwenyewe alizisifia nywele zangu." Wazee wakanigeukia mimi, si yeye. Mke wa Fidelis, wifi yangu Edita, akasema polepole ila kwa kusikika, "Watoto wa mpakani hao."

Sasa hapa ndipo nakuomba unisikilize. Damu ilikuwa inanitiririka shingoni. Nilikuwa najua kilichomo ndani ya damu ile. Mtoto wangu, bila kujua, alikuwa amenipa mlango wa kutokea; ningesema tu, "Basi mwacheni." Maneno mawili. Badala yake nilisikia aibu ya macho ya watu, nikasema, "Kaa chini, usinitie aibu mbele za watu."

Akakaa. Alilia kimya, mabega yakawa yanatikisika, na kwa kule kutikisika wembe ukamkata mara mbili, utosini na juu ya sikio. Nikaona vitone viwili vyekundu. Nilijua, na nikanyamaza. Kisha wakakaa watoto wa kaka, mmoja baada ya mwingine.

Tulirudi Kabanga Jumapili. Jumatatu nikauza chai. Jumanne nikauza chai. Kila Adela alipoinama kufagia nilikitazama kile kichwa, na nikaanza kukumbuka mambo. Mswaki wake ulipovunjika alipotoka tu shule, alitumia wangu wiki nzima. Taulo letu lilikuwa moja. Jumatano nikaunguza sinia zima la maandazi. Alhamisi nikapanda basi, safari hii bila kumdanganya mtu habari ya mchele.

Nesi wa Biharamulo ni mama wa makamo, mpole, anaongea kama anamlaza mtoto. Nikamweleza yote. Aliuliza swali moja.

"Mlinyoa lini?"

"Jumamosi."

Akaitazama kalenda ukutani, ingawa najua siku aliijua. "Mama Adela, ungemleta ndani ya siku tatu tungempa dawa ya kuzuia. Leo ni ya tano."

Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba mtu anaweza kuzimia huku amekaa wima. Nesi akanishika mkono. Akasema nisijitie kitanzi. Taulo, sabuni, beseni, kikombe, choo, hivyo havina shida yoyote. Mswaki kila mtu awe na wake, fizi zinatoka damu, lakini yeye tangu aanze kazi hajamwona aliyeupata kwa mswaki.

"Na wembe?"

"Wembe wenye damu mbichi, kutoka mtu hadi mtu papo hapo... hatari yake ni ndogo. Lakini siwezi kukuambia haipo. Na vidonge, unameza vizuri?"

Nikamwambia zile siku tisa. Akachukua damu ya kupima wingi wa virusi. Adela apimwe baada ya wiki sita, akasema, na tena miezi mitatu ikitimia. Na awe anajua anapimwa nini. "Safari hii usimdanganye."

Nilimwambia Adela Ijumaa mchana, wateja wameondoka, tunakanda unga. Nilimwambia nimetazama unga. Alipomaliza kusikia hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Bibi Anastazia alipokuwa ameshika wembe, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Damu ikikutoka, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mwanangu."

"Na ukaniambia nikae chini."

Akanawa mikono. Alinawa muda mrefu, hadi kwenye viwiko. Jioni akarudi na sabuni yake, beseni lake, kikombe chake, akatundika taulo lake kwenye kamba ya peke yake. Nilitaka kumwambia nesi kasema hayo hayana neno. Lakini mimi na mdomo wangu, ningemwambia nini akaamini? Wiki iliyofuata akahamia Ntobeye kwa mjomba wake Fidelis. Alisema anakwenda kuwasaidia kuvuna maharage.

Edita ana jicho. Mtoto anaoga mara tatu kwa siku, anajitazama ulimi kwenye kioo, hataki kula. Akambana mpaka akatapika yote. Nilipokwenda kuwatembelea Jumapili, wifi alinipokea vizuri mno. Wote wakapewa chai kwenye vikombe vya udongo. Mimi nikapewa kikombe cha plastiki, cha kijani, kimechongwa alama kwa kisu kwenye mkono wake. Nilipomaliza akakibeba kwa vidole viwili hadi jikoni, nikasikia maji ya moto yanamiminwa, mara ya kwanza, mara ya pili.

Mimi si mtu wa kumeza maneno. Nikasema, "Edita, wembe mlinigawia bila kuniuliza. Kikombe ndicho mnaninyima?"

"Wifi, usinisingizie. Nina watoto wawili waliokaa nyuma yako siku ile. Wewe ulifungua mdomo?"

Lo! Alikuwa na haki, ndicho kilichoniuma. Nikamtazama kaka yangu anitetee walau kidogo. Fidelis alikuwa anakwangua tope kwenye buti kwa kijiti, hakuinua uso. Niliona amenisaliti. Nilitembea hadi barabarani nikilia kama mtoto aliyenyimwa ugali.

Habari hazina miguu lakini Kabanga zilifika kabla yangu. Madereva wakaanza kupita kibanda cha pili. Wengine walisimama, wakatazama vikombe, wakakumbuka kumbe wameshiba. Mama mmoja Mrundi muuza vitunguu ndiye hakuacha. Anakuja, anakaa, anakunywa viwili, anajipangusa, anasema, "Sukari leo kidogo." Ukiwa umewahi kukimbiwa utaelewa kwa nini neno lile lilinitia machozi.

Katikati ya Januari Shangazi Anastazia akaja Kabanga. Peke yake, na magoti yale yanayomsumbua.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nipe chai."

Nikatafuta kikombe kipya. Akasema, "Acha, hicho hicho," akachukua changu, kilichokuwa mezani nusu, akakinywa. Kisha akageukia malori.

"Yustina, nimeambiwa. Sikuja kukugombeza. Nimekuja kuuliza. Mimi nimeanza kunyoa nikiwa msichana. Misiba yote ya ukoo, na majirani wananiita. Miaka ile watu walikuwa wanakufa nyumba kwa nyumba, wanakonda hivi, tunazika asubuhi, tunanyoa, tunazika tena. Wembe mmoja." Akahesabu kwa vidole, akataja majina ya marehemu, akafika mahali vidole vikaisha. "Nimewanyoa wangapi mimi?"

Nilimwambia alivyosema nesi, hatari ni ndogo, na ugonjwa una njia zake kubwa. Akaitikia kwa kichwa. Lakini aliendelea kufungua na kufunga vidole mpaka basi lilipokuja.

Wiki sita zikatimia mwishoni mwa Januari. Adela alishuka kutoka Ntobeye tukakutana Benaco, hatukusemezana njia nzima. Nywele zake zilikuwa zimeota kama nyasi zilizopitiwa na moto, na pale wembe ulipokata kulikuwa na vijistari viwili vya upara. Kwenye benchi alikaa mbali nami, kati yetu wangeweza kukaa watu wawili wanene. Nilitazama vidole vya miguu yake. Nilianza kusali rozari nikasahau nipo wapi, nikaanza tena.

Wakamwita, akaingia, akatoka. "Hakuna," akasema, kama anaongea na ukuta. Nesi akatokeza nyuma yake, akasema hii ni nusu ya safari, Machi arudi. Akaniambia pia kwamba virusi vyangu vilikuwa vimepanda zile siku, si sana, lakini vimepanda.

Nilikuwa bado nimesimama na maneno hayo nikasikia sauti. Vidonge vinavyogonga kopo la plastiki. Ukishakuwa mtu wa vidonge hivi unaijua sauti ile hata usingizini. Ndiyo maana wengi tunatia pamba ndani ya kopo. Nikageuka kabla ya kufikiri. Mlango wa chumba cha dawa ulikuwa wazi, na aliyekuwa anatoka, koti limefungwa hadi kidevuni, mkono umekumbatia mfuko ndani ya koti, alikuwa kaka yangu Fidelis.

Adela ndiye aliyesema. "Mjomba?"

Fidelis alitazama mlango wa kutokea, akatutazama sisi. Akakaa kwenye benchi, kwenye ile nafasi ya watu wawili.

"Na wewe Biharamulo," nikasema. Ndicho kilichonitoka.

"Ngara wananijua," akasema.

Nusura nicheke. Watoto wa baba mmoja, kila mtu amekimbia wilaya nzima kumkwepa mwenzake, tukakimbilia mlango mmoja.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu."

Nilimwona Adela anahesabu. Fidelis wa kwanza. Mimi wa pili. Yeye wa tatu.

"Kile kichwa kilichokuwa kinauma," nikasema.

"Nilitaka niwe wa mwisho, Yustina. Namwapia Mungu. Shangazi akasema kaa, watu wakacheka... nikakaa. Mimi nameza, kila siku, nesi anasema virusi vyangu havionekani. Nikajiambia basi, hakuna neno."

"Na ulipomwona Edita ananiunguzia kikombe?"

Mkono wangu ulinyanyuka kumzaba kibao, ukaishia hewani. Ningempiga kwa haki gani? Yeye angalau alijaribu kuwa wa mwisho. Mimi nilimwita mtoto akae.

Nikauliza, "Edita anajua?"

"Hajui. Nesi ananiuliza kila nikija, nadanganya."

"Sasa unameza, sawa. Kabla hujaanza kumeza ulikuwa unalala wapi, kwenye ghala la mahindi?"

Akafunika uso. Na hapo, kwenye benchi, nikaelewa. Mwezi mzima na nusu tulikuwa tumeukodolea macho wembe. Wembe ulitugusa asubuhi moja. Kitanda cha kaka yangu kilikuwapo miaka yote hiyo, na mwanamke aliyekilalia alikuwa bize kuchemsha kikombe changu.

"Usimwambie," akasema Fidelis. "Nakuomba dada. Ataondoka na watoto."

"Simwambii," nikamjibu, "utamwambia wewe. Machi, siku ya Adela, njoo naye na watoto wote wapime. Nisipokuona hapa, jioni yake niko Ntobeye, na unanijua mdomo wangu."

Njiani kurudi Adela alikaa siti ya karibu yangu. Baada ya Lusahunga akasema, "Alikuwa anaogopa kama wewe." Hilo tu. Hakurudi Ntobeye; alishuka na mimi Kabanga. Taulo lake aliendelea kulitundika peke yake.

Februari ilikuwa ndefu. Nilimeza kidonge mbele yake sasa, kopo la hamira nikalitia hamira. Yeye ndiye aliyekuwa anasema, "Mama, habari zimeanza." Lakini kila alipopata mafua tulitazamana. Akitokwa na kipele, tunatazamana. Usiulize tulikuwa tunaishije. Matokeo yake ya mtihani yalikuwa yametoka, mazuri, na hakuna aliyeshangilia, tulikuwa tunangoja matokeo mengine.

Mvua za masika zilipoanza, jioni moja kabla ya safari, Adela akaja na kitana na kiti kidogo. Akakaa chini katikati ya magoti yangu, mgongo kwangu.

"Zimefika kusukwa," akasema. "Nisuke twende nikiwa nadhifu."

Kichwa kilekile, na alikuwa ameinama vilevile. Nilipofika utosini kitana kikagusa lile kovu. Nikakosea mistari mara tatu. "Pole pole mama," akasema, "hakuna anayekufukuza." Nilimsuka mistari sita, imepinda yote, na hakulalamika.

Siku yenyewe matope yalituchelewesha. Kwenye benchi alikaa ameniegemea. Akaitwa, akaingia. Nimejifungua mtoto huyu siku mbili nzima za uchungu, na nakuapia dakika zile zilikuwa ndefu zaidi. Mlango ukafunguka, akatoka na meno yote nje. "Mama, hamna. Wamesema basi, imekwisha." Nililia kwa sauti pale pale. Mzee mmoja akanipa pole akidhani nimefiwa.

Sikuondoka. Nilitazama geti. Saa tano, saa sita. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kwenda kusema Ntobeye nilipowaona wanavuka matope: Fidelis mbele, watoto wawili, na nyuma yao Edita na chupa ya chai kwapani. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alishaambiwa.

"Wifi," nikasema.

"Wifi," akajibu. Akakaa.

Watoto waliingia kwanza, na baba yao. Wakatoka wanakimbizana. Hawakuwa nao, hata mmoja. Edita alifumba macho, akayafumbua, akafungua chupa ya chai. Alikuwa amekuja na kikombe kimoja tu, cha udongo, kile cha wageni. Akammiminia Fidelis. Fidelis akanywa, akarudisha. Edita akakijaza, akaninyooshea mimi bila kukisuuza. Nilikipokea kwa mikono miwili. Baada yangu Adela, baada ya Adela watoto. Mpangilio uleule wa siku ya wembe, na sidhani alikusudia.

Mwisho akajimiminia yeye. Alikuwa amekunywa funda moja nesi alipotokeza mlangoni akaita, "Edita."

Hakusimama upesi. Alinitazama, wifi yangu, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe nyumbani kwetu nilimwona anaogopa. Namna ile ya kuogopa naijua.

"Nishikie," akasema, akanipa kikombe. "Usiache kipoe. Kunywa."

Fidelis akanyanyuka amfuate. Edita akamwonyesha kiganja, abaki. Akaingia peke yake, akafunga mlango.

Kilichosemwa mle ndani ni cha Edita, siwezi kukiandika. Cha kwangu nimekuandikia chote. Chai niliinywa, ilikuwa na tangawizi nyingi, na niliimaliza. Mlango ulipofunguliwa nilikuwa bado nimekishika kile kikombe, na nafasi ya kukaa ilikuwapo hapa, karibu yangu.